U-MC utakulisha, lakini usikubali ukumeze

Wacha nianze na ile makomediani wenzangu hapa Kampala hawapendi isemwe wazi: wengi wetu hatuishi kwa stand-up. Tunaishi kwa harusi, kwanjula (ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe), kasiki (pati ya kuamkia harusi), bethidei za watoto wa watu wenye pesa, pati za makampuni za mwisho wa mwaka, na kufungua maduka ya simu mjini na spika mbili na vijana wa kudansi. Stand-up yenyewe, ile ya kusimama na maiki na mambo uliyoyafikiria mwenyewe, ukipiga hesabu ya mwezi ndio inaleta pesa kidogo kuliko zote, na ni hiyo hiyo inayofanya watu wakuite kwa hizo zingine. Kwa hiyo kijana akiniuliza "bro naanzaje", mimi simwambii habari ya ndoto, namwambia kwanza ajue hii biashara inasimama wapi.

Mwanzoni utapewa dakika tano na "transpoti". Transpoti maana yake ni pesa ya boda ya kwenda, ya kurudi utajua na Mungu wako. Promota mwingine hata hiyo hana, anakwambia shoo itajaza watu utaonekana. Nenda, usikatae zote, kwa sababu dakika tano mbele ya watu waliolipa tiketi ni shule ambayo hakuna mahali utaipata kwa ada. Lakini ukishakuwa yule ambaye watu wanamtaja jina kesho yake asubuhi, anza kusema bei, na useme bila kucheka, maana sisi tuna ugonjwa wa kutaja bei halafu tunatia utani nyuma yake na promota anachukua ule utani kama punguzo.

Sasa mambo ya MC. Ukiwa na mdomo kidogo tu, ndani ya mwaka kuna mtu atakuita usimamie harusi ya binamu yake, na hapo utalipwa kwa siku moja kile shoo za baa zilikuwa zinakupa kwa miezi. Chukua. Mimi nimelipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zangu kwa hizo hela, siwezi kuzitukana. Shida ni kile kitu zinakufundisha bila wewe kujua. Kwa harusi watu wamekuja wakiwa na furaha tayari, wamekula, wamependeza, wanacheka hata ukipiga chafya. Vichekesho vyenyewe ni vile vile vya miaka yote, ya muko, yaani kaka wa bibi harusi, anayesubiri kuku wake, ya senga, yaani shangazi, anayemfundisha bibi harusi, ya bwana harusi aliyekopa suti, kila MC kutoka Masaka mpaka Jinja anavyo na hakuna anayejua nani alivitunga. Na wakipiga kelele wewe unapiga kelele zaidi, una DJ nyuma yako wa kukuokoa na wimbo kila unapokwama.

Halafu Alhamisi unapanda steji ya kweli. Watu wamelipa, wamekaa, wamekunja mikono, hakuna DJ. Unaanza na ile sauti ya harusi, "Kampalaaa mko wapiii", na unaona kabisa kwa macho yao wanasema tuko hapa, tumekuja, sasa fanya kazi. Nimeona makomediani wazuri sana, watu niliokuwa naogopa kupanda nao steji kwenye shoo moja, wakienda kwa harusi miaka mitatu na kurudi wakiwa hawana hata dakika kumi ambazo ni zao. Wana sauti, wana suti, wana gari, hawana seti.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: wiki ambayo nina harusi, lazima kuna siku ndani ya wiki hiyo hiyo naenda mahali padogo kujaribu dakika tano mpya, hata kama ni kafunda, kibaa kidogo cha mtaani, ya watu ishirini na televisheni ya mpira imewashwa. Hasa kama imewashwa, unajua, kwa sababu ukimtoa mtu macho kwa mechi ya Arsenal hapa Uganda wewe una kitu. Na hizo dakika tano hakuna muko ndani yake.

Kuandika kwenyewe kila mtu ana njia yake. Mimi narekodi kila shoo kwa simu, naweka mfukoni wa shati, kesho yake nasikiliza ndani ya teksi na earphone sikio moja. Sisikilizi maneno yangu, nasikiliza watu. Nikiongea nusu dakika nzima na hakuna hata kikohozi, hiyo ni hotuba, nakata. Mara nyingi kinachokatwa ni mwanzo, ile "sasa jamani juzi nilikuwa natoka nyumbani nikakutana na rafiki yangu mmoja hivi", nani amekuuliza rafiki yako, anza pale askari wa trafiki amesimamisha boda. Na kile kilichowachekesha bila wewe kupanga, ile sura uliyotoa au neno lililokuponyoka, andika haraka kabla hujasahau maana wiki ijayo hutakumbuka ulifanyaje.

Mimi ni mtu wa Busia, upande wetu huu wa Uganda, na hapo kuna faida ambayo watoto wa Kampala hawana: mpakani unakua na lugha nne mdomoni kabla hujajua kuandika. Watu wa mjini waliponicheka ati Kiswahili ni cha askari na wezi, mimi nikaona soko. Madereva wa trela Malaba na Busia wanakaa hapo wakingoja makaratasi, mawakala wa forodha wana pesa, Arua watu wanakisikia vizuri, Kasese hadi Mpondwe kule kwa mpaka wa Kongo pia, na Kampala yenyewe imejaa Wakongo na Wakenya. Hata baraza la mawaziri mwaka 2022 likapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, ingawa ukinifuata kwa ofisi yoyote ya serikali nitakuonyesha hotuba inaishia wapi na Luganda kinaanzia wapi.

Lakini usifikiri utani unasafiri tu kama mzigo wa trela. Nina kichekesho kimoja cha kondakta anayemwambia mzee "panda gari" na mzee anatimua mbio, kwa watu wazima wa Kampala kile kinaua, wanapiga meza, maana wanakumbuka enzi zile za miaka ya 80 askari wakiwazoa watu barabarani na kuwapakia kwenye malori. Nikakipeleka Busia kwa vijana waliozaliwa juzi. Kimya. Mmoja akaniuliza kwani nauli ilikuwa ngapi, na hilo swali lake likachekesha kuliko mimi. Kwa hiyo jaribu kitu kimoja sehemu tatu tofauti kabla ya kuamua ni kizuri au kibaya, kwa sababu unaweza kutupa kitu kizuri ulichokipeleka kwa watu wasio wake.

Ya makabila na siasa nitasema kidogo tu. Komedi yetu Uganda imelelewa na lafudhi, Mkiga anaongea hivi, Mteso hivi, na watu wanacheka, lakini mimi naanza na sisi Wasamia kwanza, nawapiga wa kwetu mpaka ukumbi unatulia ndipo nagusa wengine. Siasa nayo, komediani Teacher Mpamire amemuiga Rais miaka na watu wanamwita mpaka kwa pati kubwa kubwa, na upande mwingine mwaka 2020 wale wa kundi la komedi la Bizonto walikamatwa na polisi kwa video iliyotaja wakubwa na sehemu wanakotoka. Mstari uko wapi hakuna aliyeuchora. Usipande steji na kitu ambacho huwezi kukieleza mchana ukiwa mbele ya meza ya mtu.

Haya, klipu. Komediani Anne Kansiime aliwaonyesha wote kwamba mtu wa Kabale anaweza kujulikana Afrika nzima kwa YouTube, na tangu hapo kila komediani anaambiwa weka video, weka video. Weka, lakini jua unachoweka. Utani wa steji ukishauweka TikTok umeuchoma. Watu watakaokuja shoo watausikia mara ya pili na wengine watamalizia kabla yako, kwa sauti, wakifikiri wanakusaidia. Mimi naweka yale maongezi na watu wa mbele, yule jamaa aliyekuja na wanawake wawili na akasema wote ni dada zake, kwa sababu hayo hayarudiwi kesho. Seti yangu naificha mpaka niwe nimeichoka. Na kumbuka data ya Uganda ni ya mateso yetu maalum, 2018 tulilipia mitandao ya kijamii shilingi 200 kwa siku, ile ikatolewa 2021 wakaweka asilimia 12 juu ya bando lenyewe, Facebook nayo ikafungwa Januari hiyo hiyo ya 2021 ya uchaguzi, sasa ukijenga nyumba yako yote kwa mtandao mmoja siku moja utaamka umefungiwa nje. Weka namba za watu kwa simu yako. Mimi nina orodha ya WhatsApp ya watu wanaonunua tiketi kweli kweli, ndogo, na inajaza viti kuliko maelfu wanaopenda video.

Pesa, na hapa tafadhali soma polepole. Hii kazi ina misimu. Desemba hutalala, Agosti harusi nyingi, Pasaka na Krismasi watu wa Kampala wanarudi vijijini kwa hiyo shoo za wilayani zinalipa. Halafu Januari mpaka shule zifunguliwe Februari kila shilingi ya Uganda iko kwa ada, na Kwaresima Wakatoliki hawafungi ndoa, na Ramadhani baa zinapoa. Ukila pesa ya Desemba yote Desemba, Machi utakubali shoo yoyote kwa bei yoyote, na promota wanajua, wanangoja Machi. Mimi pesa ya Desemba naigawa kama mshahara mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Wale tuliofungiwa kwa korona Machi 2020 mpaka kumbi na baa zikafunguliwa Januari 2022 hatuhitaji kuelezewa mara mbili, kuna wenzangu waliuza hata maiki.

Chukua nusu kabla. Harusi bila adivansi sitoki nyumbani, hata kama ni ya rafiki, hasa kama ni ya rafiki. Akituma kwa mobile money mwambie aweke na ya kutolea, kwa sababu kuna makato ya kampuni ya simu halafu serikali nayo inachukua asilimia 0.5 unapotoa, ukifanya hivyo mwaka mzima utaona umelisha watu usiowajua. Makampuni ni hadithi nyingine. Wanalipa vizuri ila wanataka TIN, ile namba ya mlipakodi, wanataka invoisi, na malipo yakipita milioni moja wale walioteuliwa na URA, mamlaka ya mapato, wanakukata asilimia 6 hapo hapo. Usigombane nao, omba cheti cha hiyo kodi waliyokata, itahesabiwa kwa kodi yako. Na pesa yenyewe utaingoja, mwezi, miwili, kuna kampuni moja ilinilipa wakati yule dada aliyenipa kazi alishaacha kazi. Kwa hiyo usiahidi kodi ya nyumba kwa pesa ya kampuni.

Nyumbani wataongea. Baba mdogo atakuuliza utaacha lini michezo. Mimi nilikuwa namtaja komediani Salvado, huyo kasomea uinjinia na bado akachagua maiki, na wazee wakanyamaza kidogo, siyo kwamba walikubali, ila uinjinia unaheshimiwa. Kilichowanyamazisha kabisa ni mabati niliyowapelekea.

Na usilipwe kwa bia. Meneja wa baa atakwambia shoo ilikuwa tamu kunywa unachotaka, asante mkubwa, mimi nataka bahasha na soda moja. Ukishakuwa komediani wa kulipwa bia, huo mji mzima utajua bei yako.

Ukipata shoo Busia, nenda na gari la mchana. Tangazo likisema saa mbili usiku, jua watu wataanza kuingia saa tatu na nusu, maana wengi wanafunga biashara kwanza. Fungua na Kiswahili, usijaribu Luganda cha Kampala dakika za kwanza. Mezani mbele kulia kwa kawaida hukaa wale mawakala wa forodha, wao ndio wanaitana kwa simu, ukiwapata hao dakika ya tatu wenzao watakuja shoo ikiwa inaendelea na mlangoni tiketi bado zinauzwa, kwa hiyo mwambie promota asifunge mlango mapema.