Mkanda umepasuka kipande kimoja tu

SWALI: Jambo Mzee. Niko kwenye kiwanda cha kuchoma chokaa, nje kidogo ya Lubumbashi. Mkanda wa konveya unaotoa chokaa tanuruni umekauka kama muhogo wa juani na una nyufa, lakini kwa urefu wa mita 18 hivi tu. Kwingine unakunjika vizuri. Shefu anasema tuliuziwa raba mbovu, na sasa anataka tumwagie chokaa maji kabla haijafika mkandani.
Fundi wa Kenya (komuni yetu ya hapa Lubumbashi, si ile nchi)

JIBU: Jambo mwanangu. Kwanza mficheni shefu hiyo ndoo. Chokaa iliyotoka tanuruni ikiguswa na maji haipoi, inachemka. Hata mwashi anayezima chokaa ndani ya pipa anajua.

Halafu pima kutoka pale chokaa inapoangukia mpaka ngoma ya mbele, pale mkanda unapomwaga mzigo na kugeuka. Ukipata mita 18 zako, raba haina kosa: mbovu ingekauka mkanda mzima. Wako ulisimama na moto mgongoni. Umeme ulikatika lini? Mkanda ukizunguka, kila sehemu hubeba mzigo kwa muda mfupi, kisha hurudi chini tupu ikipoa. Mimi niliwahi kufunga mkanda mpya Ijumaa, Jumatatu nikaukuta umeiva, alama za mawe zimejichora juu yake kama chapati. Ndipo tukafungiwa injini ndogo ya mazuti (dizeli), kazi yake kuzungusha mkanda ule tu mpaka uishe mzigo. Kama hamna injini, shikeni makoleo, tena mbio.

Mkiagiza mwingine, msimtajie muuzaji joto la tanuru. Pimeni raba yenyewe, mzigo ukishamwagika tu. Kipimo cha ISO 4195, cha kimataifa cha mikanda inayostahimili joto, kina madaraja matatu: nyuzi 100, 125 na 150. SBR, raba ya kawaida ya kiwandani, hutosha kwa daraja la chini. Kwa 150 ombeni EPDM, raba nyingine inayovumilia joto zaidi. Vumbi likiwa jingi, pandeni daraja, maana jiwe hugusa mkanda kwa ncha, vumbi hulala kifua kizima. Ila EPDM haipatani na mafuta, kwa hiyo zibeni kwanza giaboksi inayovuja. Na gundi ya SBR haiishiki, nunueni vifaa vyake vya kuungia siku hiyo hiyo.

Huo mlio nao msiutupe. Kateni zile mita 18, ungeni kipande cha raba ya aina ile ile.