Ukungu chini ya dumu la alizeti: maji, nta au gundi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mashine ndogo ya kukamua alizeti hapa Singida. Chini ya dumu mafuta yanafanya weupe kama maziwa, hasa miezi ya baridi, na wateja wanadai nachanganya maji. Yakikaa miezi miwili yanaanza kunuka. Halafu gunia la kilo 65 linanipa lita 16 tu, jirani anapata 20. Mashine ndiyo mbovu?

JIBU: Marahaba. Mashine ina kesi yake, tutaifikia. Kwanza tumalize hili la maji, maana ndilo linalokuharibia jina.

Chota kijiko kimoja kutoka chini kabisa ya dumu, tia kwenye sufuria kavu, bandika motoni. Yakiwa na maji yatatatarika na kurukaruka. Yakinyamaza, wateja wamekuonea.

Mengine yatie kwenye chupa ya kioo, uiweke ndani ya maji ya moto mpaka isishikike kwa mkono mtupu. Weupe ukiyeyuka na mafuta yakang'aa, hiyo ni nta. Inatoka kwenye ganda la alizeti, na baridi ya Juni na Julai huigandisha. Haimdhuru mlaji, inamkera macho tu. Viwanda vikubwa hupoza mafuta makusudi ili nta igande, ndipo huchuja. Nawe yaache pipani usiku wa baridi, uchuje alfajiri kabla jua halijapanda. Yatapita polepole mno kwenye kitambaa, vumilia.

Weupe usipoyeyuka, ukabaki kama uji unaoteleza kidoleni, basi ni gundi ya asili ya mbegu, yaani fosfolipidi. Hii ndiyo inayotoa povu jikoni na kuacha masizi kwenye sufuria. Pasha mafuta yafike nyuzi 70, tia maji ya moto lita 2 kwa kila lita 100, koroga taratibu kama dakika 20, yaache yatulie usiku kucha. Gundi hunywa maji, ikawa nzito, ikazama. Hamisha mafuta ya juu, yarudishe motoni mpaka yaache kutatarika. Ukiiruka hatua hii ya mwisho, utakuwa umeyatia kweli yale maji uliyosingiziwa.

Kunuka ni habari nyingine, na mara nyingi huanza kabla ya mashine kuwashwa. Mbegu zilizovunjika au kurundikwa na unyevu huanza kuvunja mafuta ndani ya punje zenyewe, asidi ikapanda. Zikaushe unyevu ushuke chini ya asilimia 9 kabla ya kuzihifadhi, na zenye ukungu zitenge. Baada ya kukamua, maadui ni hewa, mwanga na metali. Nimewahi kuitwa kwenye kinu kimoja, tukahangaika na vichujio siku mbili nzima; kumbe koki ya pipa ilikuwa ya shaba. Shaba na kutu ya chuma huharakisha sana kuchacha. Na zile chupa angavu zinazopangwa juani kando ya barabara kuu, hata mafuta mazuri hayadumu humo.

Pua peke yake usiitegemee. Pima asidi: gramu 10 za mafuta, mililita 50 za spiriti safi iliyosawazishwa (yaani asidi yake yenyewe imeondolewa kwanza), matone ya fenolfthalini, dawa inayobadili rangi asidi inapokwisha, kisha dondosha sodiamu hidroksaidi ya nguvu ya 0.1 N huku ukitikisa, mpaka rangi ya waridi ibaki. Zidisha mililita ulizotumia kwa 0.561. Ukitumia 7 unapata 3.9. Kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani, Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu asidi mwisho 4.0, na peroksaidi, kipimo cha kuchacha kunakoletwa na hewa, isizidi 15. Ukitumia 8 umeshavuka. Hiyo ya peroksaidi ipeleke maabara.

Sasa hizo lita 16. Tuseme mbegu zako zina mafuta asilimia 36: gunia lina kilo 23.4. Lita 16 ni kama kilo 14.7, kwa hiyo karibu kilo 9 zimebaki kwenye mashudu, yaani asilimia 17 ya mashudu yote. Wafugaji lazima wanakupenda. Kwa hesabu hiyohiyo jirani anabakiza kama asilimia 11, na mashine ndogo iliyokazwa vizuri hubakiza kati ya 8 na 12. Angalia parafujo kama imelika, na uwazi wa kutokea mashudu kama umelegea. Mbegu nazo ziingie na unyevu wa asilimia 6 hadi 8, zikiwa zimepata joto la jua. Zikiwa mbichi mashudu hutoka laini kama unga uliokandwa.

Lakini asilimia 36 nimeikadiria tu. Kabla ya kushika spana, muulize jirani anakamua mbegu aina gani.