Barua kwa mwanangu: Siku kumi na tano za miji na milima

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Umeniuliza: mna likizo ya wiki mbili mwezi Septemba, wewe unataka miji ya kale ya Italia, mumeo anataka milima ya Uswisi, na nyote mnaogopa kurudi mmechoka kuliko mlivyoondoka. Mzigawe vipi siku hizo?

Shikeni jambo moja kwanza, mengine yatafuata. Mji unataka kuwekewa saa wiki kadhaa kabla. Mlima unataka uachiwe nafasi mpaka asubuhi yenyewe. Wasafiri wengi hupindua. Hulipia tiketi ya kilele miezi miwili mapema, siku ikifika wanasimama juu ndani ya ukungu mweupe wasione hata jiwe. Halafu hao hao huenda Roma mikono mitupu na kushinda juani kwenye foleni.

Hesabuni usiku mnaolala. Kila mnapohama nusu siku inapotea, kwa sababu chumba cha zamani kinawataka mtoke saa nne au saa tano asubuhi na kipya hakiko tayari mpaka saa nane au tisa alasiri. Kwa usiku 14, vitanda vitano vinatosha: Roma usiku 4, Firenze 3, Venezia 2, bonde la Lauterbrunnen kule Uswisi 4, Zürich 1. Tiketi ya ndege iwe ya kushukia Roma na kuondokea Zürich. Tiketi ya kwenda na kurudi mji ule ule huonekana rahisi, lakini safari ya kurudi Roma kuifuata ndege itawala siku nzima na nauli juu yake.

Mshuke Roma siku ya Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambayo kuingia ni bure na msongamano wake haufai kwa mtu anayetaka kuona kitu. Jumatano asubuhi, Papa anapokutana na waumini uwanjani, Basilika la Mtakatifu Petro huwa halifunguliwi kwa watalii mpaka mchana. Kwa hiyo Vatikani ni Jumanne au Alhamisi. Ijumaa mnahamia Firenze, na Jumamosi na Jumapili zote ni zenu. Jumatatu, siku ambayo makumbusho ya sanaa ya Uffizi na Accademia yamefungwa, nyinyi mko ndani ya treni kuelekea Venezia. Tazama kalenda tu: Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ya Italia hayatozi kiingilio, na foleni ni ndefu. Jumapili yenu ya Firenze ikiangukia hapo, Uffizi iwe Jumamosi.

Kutoka uwanja wa Fiumicino pandeni Leonardo Express, dakika 32 bila kusimama hadi Roma Termini. Tiketi ya Colosseo, ule uwanja wa kale wa maonyesho, huuzwa kwa jina na kwa saa, na mlangoni mtaombwa pasipoti. Jina likitofautiana na la pasipoti mnaweza kuzuiwa. Nunueni kwenye tovuti rasmi, ambako tiketi hufunguliwa takriban siku 30 kabla, na mchague saa ya kwanza ya asubuhi. Tiketi hiyo inaingiza pia magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino. Pantheon, hekalu la kale lililokuwa bure, hulipiwa na watalii tangu Julai 2023. Kanisani mabega na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanamume. Kanga moja kwenye mkoba wako itawasaidia nyote wawili. Maji ya kunywa msinunue. Roma imejaa mabomba ya chuma ya mtaani yanayoitwa nasoni, maji yake ni salama na ya baridi. Beba chupa tu. Wachomoaji wa mifukoni wako kwenye metro na basi namba 64 linalokwenda upande wa Vatikani: simu na pasipoti zikae mbele ya mwili, chini ya zipu.

Hapa kuna kosa linalotukamata sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili. Tiketi ikisema 09:00 ni saa tatu asubuhi, ikisema 15:10 ni saa tisa na dakika kumi alasiri. Mmoja wenu asome tiketi, mwingine aandike saa ya Kiswahili pembeni. Treni ya mwendo kasi ina kiti na saa maalumu, na ile tiketi ya bei nafuu kabisa mara nyingi haibadilishwi wala hairudishwi.

Treni hizo ni nzuri sana. Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu, Firenze hadi Venezia saa mbili na ushee. Mshuke kituo cha Firenze Santa Maria Novella, na kule mwisho mshuke Venezia Santa Lucia. Venezia Mestre inakuja kabla yake, nayo iko bara. Wageni wengi husoma neno Venezia dirishani wakakurupuka na mizigo. Mkipanda treni ya mkoa yenye tiketi ya karatasi, igongeni muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Asiyegonga hupigwa faini hata kama amelipa nauli kamili. Ya kwenye simu nayo huthibitishwa kabla ya safari. Na mkiona tangazo la sciopero, ni mgomo. Kwa kawaida hutangazwa mapema, na ukiangukia siku ya kazi, baadhi ya treni za mkoa huhakikishwa kutembea hata hivyo, saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku.

Firenze sina mengi. Sanamu ya Daudi ya Michelangelo iko Accademia, ina urefu wa zaidi ya mita 5. Kuba la kanisa kuu, lililokamilika mwaka 1436 chini ya msanifu Brunelleschi, lina ngazi 463 nyembamba na hakuna lifti. Lazima muweke nafasi ya saa, na mwenye hofu ya mahali pa kubana asilazimishwe. Panda asubuhi na Uffizi iwe alasiri. Makumbusho mawili makubwa kwa siku moja ni mzigo: kufika chumba cha ishirini macho yanapita juu ya picha bila kuiona. Jioni moja ya Firenze ni ya kufua nguo.

Venezia adui yenu ni sanduku la magurudumu. Mji una madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi. Kabla ya kulipia chumba, fungua ramani uhesabu madaraja kati ya kituo cha vaporetto, yaani boti la abiria, na mlango wa nyumba. Boti namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote likisimama karibu kila kituo. Likamateni jioni jua linapozama, hilo ndilo matembezi yenyewe. Gusisheni tiketi kwenye mashine kila mnapopanda. Siku fulani za msimu, tangu 2024, wanaokuja na kuondoka siku ile ile hulipa ada ya kuingia. Wanaolala huko hawalipi, ila hutakiwa kujisajili ili wapate uthibitisho. Angalieni orodha ya siku hizo.

Jumatano ya kutoka Venezia msiipangie kitu kingine chochote. Venezia hadi Milano ni karibu saa mbili na nusu, kisha treni ya kimataifa hupita handaki la Simplon, kilomita 19.8, lililofunguliwa 1906, hadi Spiez. Hapo mnabadilisha kwenda Interlaken Ost, tena kwenda Lauterbrunnen. Ukijumlisha na kungoja ni kama saa saba. Acheni angalau dakika 45 Milano, maana treni ikichelewa na tiketi mlizinunua mbalimbali, ya pili inaweza kuwapotea. Kiangazi reli hiyo wakati mwingine hufungwa kwa matengenezo, basi tazameni ratiba ya tarehe yenyewe kabla ya kulipa.

Sasa milima, sehemu ya mkwe wangu. Lauterbrunnen iko kwenye mwinuko wa kama mita 800, imebanwa na kuta za mwamba, na poromoko la Staubbach linaanguka karibu mita 300 pembeni mwa kijiji. Mkitaka utulivu zaidi laleni Wengen, mita 1,274, ambako magari hayafiki. Treni inapanda kutoka Lauterbrunnen.

Mna siku tatu kamili: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Msizipe majina. Kila usiku someni utabiri, na asubuhi kabla ya kutoa hata franki moja fungueni kamera za mubashara za vilele. Siku iliyo safi kuliko zote ni ya kupanda Jungfraujoch, nitakayoieleza hapa chini. Siku ya kawaida ni ya matembezi. Siku ya mvua ni ya maporomoko ya Trümmelbach, kumi kwa idadi, yanayonguruma ndani ya mlima na kushusha maji ya barafuto, yaani mto wa barafu, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Mvua haiyapunguzii uzuri.

Jungfraujoch ni kituo cha reli kilicho mita 3,454 juu ya bahari, kilichofunguliwa 1912, na treni hupenya tumboni mwa milima ya Eiger na Mönch. Juu mnaliona barafuto la Aletsch, refu kuliko yote katika Alps. Pandeni na safari za kwanza za asubuhi, kwa sababu siku za joto mawingu hujikusanya kadiri mchana unavyokwenda. Joto hushuka takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Bondeni kukiwa na nyuzi 18, kule juu tarajieni karibu sifuri, na upepo juu yake. Hewa ni nyembamba, shinikizo lake ni kama theluthi mbili ya lile la pwani. Tembeeni polepole, ngazi msizikimbilie, kunyweni maji. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, dawa ni kushuka, wala mgonjwa asione haya kusema. Mwenye tatizo la moyo, au mjamzito, azungumze na daktari kabla ya kukata tiketi.

Kwa matembezi, pandeni gari la waya kutoka Wengen hadi Männlichen, kisha mfuate njia ya kwenda kituo cha Kleine Scheidegg: kilomita 4.5 hivi, saa moja na nusu, Eiger, Mönch na Jungfrau zikiwa mbele yenu. Anzieni Männlichen, maana upande huo njia inateremka taratibu. Anayeanzia Scheidegg anaipanda. Vibao vya njano ni njia za kawaida. Alama nyeupe, nyekundu, nyeupe ni njia ya mlimani inayotaka viatu imara na mguu usiotetemeka. Nyeupe, bluu, nyeupe ni ya wazoefu, nyinyi mwiache. Muda ulioandikwa kwenye vibao hauna mapumziko wala picha ndani yake, ongezeni theluthi. Jueni pia gari la mwisho la kushuka ni saa ngapi. Msaada wa dharura ni 112, na helikopta ya uokoaji Uswisi ni 1414.

Nauli za huko ni kali. Kadi ya nusu nauli hudumu mwezi mmoja na hupunguza nusu kwenye treni, boti na magari mengi ya waya, hata Jungfraujoch. Jumlisheni nauli zenu zote za Uswisi. Nusu yake ikizidi bei ya kadi, nunueni.

Viatu vivaliwe wiki tatu kabla ya safari. Kiatu kipya mlimani ni malengelenge ya siku ya kwanza na siku mbili za kuchechemea. Fulana za pamba hushika jasho na kuwaachia baridi kifuani, chukueni za sufu nyembamba au za michezo. Kila mmoja begi moja lisilozidi kilo 10, na nusu ya nguo zako zikae kwenye begi la mumeo na zake kwenye lako, ili begi likipotea asibaki mtu na nguo moja. Kadi za benki nazo mzigawane.

Viza ya Schengen, ile moja inayotumika Italia na Uswisi zote, ombeni ubalozi wa Italia, kwa kuwa usiku 9 ni wa huko na 5 tu wa Uswisi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Msingoje siku hizo 15, miadi yenyewe ni ya kugombania. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili wazi, na idumu angalau miezi mitatu baada ya kutoka. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi, na someni kama inagharimia uokoaji wa milimani, maana nyingine huukata kwa maandishi madogo.

Uswisi imo ndani ya Schengen lakini haimo katika Umoja wa Ulaya. Laini ya simu ya Italia inaweza kuwatoza zaidi mkishavuka mpaka, basi ulizeni kwanza. Pesa inageuka kuwa franki. Mashine ya kadi ikiuliza mlipe kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagueni ya pale, kwani kiwango cha ile nyingine karibu kila mara ni kibaya. Ukinunua mkoba wa ngozi Firenze na ukataka kurudishiwa kodi, fomu huthibitishwa na forodha mnapotoka Umoja wa Ulaya, yaani mpakani njiani kwenda Uswisi; kule Zürich wataikataa. Na bidhaa zikizidi franki 150 kwa mtu, zitangazeni.

Kuhusu nyinyi wawili: kila mji mpeane nusu siku ya kuachana. Wewe baki na picha zako, yeye apande kilima chake, mkutane mahali palipotajwa kwa jina na kwa saa, si "pale pale". Ramani zipakueni kwenye simu zote mbili, kwa sababu kukosa mtandao kwa mmoja ndiko kunakozaa ugomvi.

Niandikie Jumatatu mliyopata ni ya tarehe ngapi, niitazame ile Jumapili ya Firenze kabla hamjalipa chochote.

Mama yako