Ultrasaundi safi, maumivu yako palepale

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 26, naishi Morogoro. Tangu nikiwa kidato cha pili, siku zangu zikikaribia naumwa chini ya kitovu hadi kiunoni, na miaka miwili sasa naumwa hata nje ya siku. Nimetibiwa UTI mara sita na PID (maambukizi ya via vya uzazi) mara mbili. Ultrasaundi mbili zimesema kila kitu kiko sawa. Mama anasema ni chango, nikizaa litaisha. Nimesikia habari za endometriosisi. Nipime nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hizo ultrasaundi, maana ndizo zilizokufungia mlango.

Kwenye endometriosisi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pengine: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye kibofu au utumbo mkubwa. Mara nyingi ni vidoa vidogo vilivyotapakaa, na ultrasaundi ya kawaida ya juu ya tumbo haivioni. Inachoweza kuona ni uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya kahawia, na hata huo huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha kupitia ukeni, kikifanywa na mtu aliyezoea kuutafuta. (Kama hujawahi kukutana na mwanamume, sema kabla, ziko njia nyingine.) Kwa hiyo majibu yako yanasema hakuna uvimbe mkubwa ulioonekana. Hayasemi kwamba huumwi.

Kinachoelekeza zaidi ni historia yako, nawe usiibebe kichwani. Nunua daftari. Kwa miezi miwili au mitatu andika kila siku umeumwa wapi, kwa kiasi gani kati ya 0 na 10, umemeza dawa gani, imesaidia au la, na siku ulizoshindwa kwenda kazini. Andika na yale tunayoona aibu kuyasema: maumivu ya haja kubwa au ya kukojoa ukiwa hedhini, na maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa. Hayo yakifuata kalenda ya hedhi, daktari makini hatakurudisha nyumbani na antibayotiki nyingine.

Hizo UTI sita zinaniuma. Mkojo wako uliwahi kuoteshwa maabara, yaani kuwekwa ili ionekane kama bakteria wataota, au ulitazamwa kwa hadubini tu ukaandikiwa dawa? Ukiambiwa tena ni UTI, omba uoteshwe. Usipoota kitu, sababu itafutwe kwingine.

Kisha chukua daftari na majibu yako yote ya zamani, uombe rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Mwambie wazi: "Nahofia endometriosisi." Atakupima, atakuuliza habari za utumbo na kibofu, pengine ataagiza ultrasaundi ya ukeni au MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku). Usilipie kipimo cha damu cha CA-125 kwa ajili ya hili: hupanda kwa sababu nyingi, na kikiwa kawaida hakiuondoi ugonjwa.

Zamani tulifundishwa kwamba bila upasuaji wa matundu madogo hakuna uthibitisho. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 ulilegeza hilo. Dalili zikielekeza huko, matibabu ya homoni yanaweza kuanza bila kupasua, upasuaji ukabaki kwa ambaye vipimo havioneshi kitu au dawa hazijamsaidia. Kwako hii ni nafuu kubwa, kwa kuwa upasuaji huo hupatikana hospitali chache, kama Muhimbili, na gharama yake si ndogo. Bingwa akikuandikia vidonge vya uzazi wa mpango, au vya projestini pekee (aina moja tu ya homoni), vipe miezi mitatu kabla hujasema vimeshindwa. Haviharibu kizazi.

Kuhusu mama: chango ni jina ambalo bibi zetu waliyapa maumivu haya, na hawakudanganya kwamba yapo. Lakini kuzaa si tiba. Maumivu yanaweza kutulia wakati wa ujauzito na kunyonyesha, kisha yakarudi. Wanawake wengi wenye endometriosisi hupata watoto. Ukianza kutafuta mtoto na miezi sita ikapita, usisubiri mwaka, rudi kwa bingwa. Na siku yoyote maumivu yakija ghafla ukiwa umepitisha siku zako, au yakiambatana na homa au kuzimia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.