Kabla ya Kuchagua Filamu, Angalia Walioketi Sebuleni

Kwetu Nyalenda, hapa Kisumu, Jumamosi jioni sebule hujaa. Kuna mama yangu, shemeji, wapwa zangu watatu na mtoto wa jirani ambaye hakosi. Kwa miaka mingi tulitazama filamu zile zinazojazwa kwenye flash ya kila mtu: magari yanalipuka, jamaa mmoja anamaliza jeshi zima. Nusu saa haiishi, mama ameshalala kitini. Nilidhani hapendi sinema, kumbe hakuna aliyewahi kumwekea hadithi inayomgusa.

Iliyomwamsha ni ya Iran, Children of Heaven, ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Majid Majidi. Ali anatumwa kwa fundi kuchukua viatu vya dada yake, Zahra. Njiani anapitia dukani kununua viazi, na viatu vinapotea. Nyumbani hakuna pesa na baba haambiliki, kwa hiyo watoto wanaamua kuvaa viatu vya Ali kwa zamu. Zahra anavivaa asubuhi, shule ikiisha anatoka mbio hadi kichochoroni alikomngoja kaka yake, naye Ali anakimbilia masomo ya mchana. Mahali fulani kiatu kinamponyoka Zahra, kinaangukia mtaroni na kuchukuliwa na maji. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliuweka uteo chini. "Kishike, mwanangu, kishike!" Sisi wa Nyalenda mitaro tunaijua, na waliosoma kwa viatu vya kuazimana ni wengi.

Mama hasomi maandishi ya chini, kwa hiyo nilimtafsiria kwa Dholuo, kwa sauti, huku filamu ikiendelea. Usione haya kufanya hivyo. Sisi tumelelewa kwenye vibanda vya video ambako sinema bila sauti ya DJ anayeitafsiri juu yake haikuwa sinema. Ila usitafsiri kila neno. Pale uso wa Ali unaposema, nyamaza. Tangu siku hiyo, nikitafutia nyumba iliyo na wazee na watoto, nachagua filamu zenye maneno machache.

Jambo dogo la ufundi, kwa sababu liliniharibia Jumamosi nzima: ukichomeka flash kwenye televisheni, faili la maandishi liwe na jina lile lile la filamu, herufi kwa herufi. Filamu ikiitwa viatu.mp4, maandishi yaitwe viatu.srt, na yote mawili yakae kwenye folda moja. La sivyo, televisheni nyingi haziyaonyeshi.

Stima ikiwa na tokeni chache, weka La petite vendeuse de soleil ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali. Ni dakika 45 tu. Sili, msichana anayetembea kwa magongo, anaamua kuuza magazeti mitaani Dakar, kazi ambayo wavulana wanaiona yao. Mambéty alifariki mwaka 1998, nayo ikatoka mwaka uliofuata. Wapwa zangu waliiomba tena usiku ule ule.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ni ya hapa kwetu Kenya na ni nzuri mno, lakini itazame peke yako kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Jo ni mtoto mgonjwa anayerudishwa nyumbani kutoka hospitalini kwa kuwa hakuna tiba tena, na dada yake anakishawishi kijiji kizima kimfanye aamini ana nguvu za ajabu. Mpwa wangu wa miaka minane akaniuliza, "Mjomba, atapona?" Tulisimamisha filamu tukazungumza kwa muda mrefu. Ningekuwa nimejiandaa, ningemjibu vizuri zaidi.

Watoto wakishalala, kuna The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019. Si ya kuigiza. Kijana anatoka Mombasa kurudi kwao Kilifi baada ya kusikia nyanya yake anaitwa mchawi, na polepole anagundua kwamba nyuma ya neno hilo kuna shamba. Shemeji, aliyezaliwa kijijini ambako mzee akiitwa hivyo huwa hana pa kukimbilia, hakusema kitu hadi mwisho. Kisha akasema mengi.

Na kama unataka sikio lako lifurahie Kiswahili cha Unguja, itafute Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin anamkimbia mume mzee aliyeozwa, anakutana na Denge, mpigania uhuru, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Hiyo haikunihitaji mimi kutafsiri.

Jumamosi hii ni zamu ya mama kuchagua. Ameomba ile ya viatu tena, na ameniambia nikae kimya: safari hii atawasimulia watoto yeye mwenyewe.