Tumbo kujaa baada ya upasuaji wa uzazi

Hapa kwetu Moshi, mzazi akitoka chumba cha upasuaji tu, hotpoti ya mtori ishafika wodini. Wangu aliuleta mama mkwe. Sikuweza kuugusa. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma, hewa haitoki, nikaanza kutapika maji ya kijani. Nesi aliuliza mbele ya mashemeji: "Mama, umeshajamba?"

Dada, ukiulizwa hivyo jibu ukweli bila kuona haya. Jibu lako linamwonyesha kama utumbo umeshaamka. Ukishaguswa kwenye upasuaji, pamoja na dawa za maumivu kama pethidini na mofini, utumbo hupooza kwa muda. Kwa wengi huamka wenyewe baada ya siku moja au mbili. Wangu ulichelewa, nikasimamishiwa chakula, nikawekewa dripu na mpira puani wa kutoa uchafu tumboni, damu ikapimwa madini ya potasiamu, maana yakishuka utumbo nao hulegea. Mama mkwe alisononeka akidhani ninanyimwa chakula. Nikamwambia, "Mama, mtori nitakunywa, ngoja tumbo lifunguke." Utumbo ukafunguka bila mimi kupasuliwa tena.

Kama huna shida hiyo, kula mapema pale wahudumu watakaporuhusu, hakuna ubaya. Tafuna bigijii, inasaidia kweli kuamsha utumbo. Na uinuke kitandani ndani ya siku ya kwanza, hata kwa kushikwa mkono. Mimi nilikunja kanga nikaibana juu ya kidonda kila nilipokohoa au kusimama.

Ninachowasihi akina bibi: msimnyweshe mzazi mafuta ya nyonyo wala dawa ya kuharisha wakati tumbo limejaa na anatapika. Utumbo ukiwa umeziba, mnaweza kumuua. Na kumkaza tumbo kwa kanga kunaficha uvimbe unaozidi, kwa hiyo mfungueni mtazame.

Akisharudi nyumbani, tumbo likizidi kuvimba, akitapika kijani, akipata homa, au asipotoa choo wala hewa, mrudisheni hospitali usiku huohuo. Choo kigumu peke yake ni jambo jingine. Mara nyingi ni vidonge vya kuongeza damu, na maji mengi, papai na parachichi husaidia.

Kovu la ndani nalo linaweza kushikanisha utumbo na kuuziba hata miaka mingi baadaye. Ukiumwa tumbo la kukata na kutapika, mwambie daktari mapema kwamba ulijifungua kwa upasuaji.