Kofia ya kusoma ubongo kazini, ni shirki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi mtu wa Mombasa naendesha lori huku Oman, sasa kampuni inataka tuvae kofia yenye vyuma vidogo ndani, inasoma ubongo ili ijue dereva akianza kusinzia. Mwenzangu kaikataa kabisa, anasema ni shirki, yaliyo ndani ya mtu anayajua Allah tu. Nivae? Na udhu je, lazima niivue?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mwambie mwenzako atulie, shirki hapo haipo. Kofia inashika umeme mdogo wa ubongo, ule ambao Hans Berger aliurekodi kule Ujerumani tangu 1924, ukianza kusinzia mawimbi yanapungua kasi, basi kofia inalia. Ni kama daktari kukushika mkono akahesabu mapigo, nani kasema daktari anajua ghaibu?

Hata hizo mashine kubwa bado hazijafika huko. 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Texas, Austin, walitoa programu inayokisia maneno yanayopita akilini, lakini ilibidi mtu alale ndani ya skana, mashine ya kupiga picha za ubongo, jumla ya masaa 16 akisikiliza hadithi ndo imzoee, na iliyomzoea huyu haikumsoma yule, na mtu akianza tu kutaja wanyama kichwani ilikuwa inapotea njia. Sasa Allah aliyesema "nasi tunayajua yanayompitikia katika nafsi yake" (Qur'ani, Qaaf 16) utamchenga kwa kutaja wanyama?

Mimi kinachonikera ni kingine. Iko kwa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) anasema Allah ameusamehe umma wake yale nafsi inayoyanong'ona maadam mtu hajayatamka wala kuyatenda. Yaani ukimtukana bosi kimoyomoyo saa tisa usiku barabarani, umesamehewa. Sasa kampuni ikianza kuweka rekodi ya kichwa chako, leo usingizi kesho inakisia na hasira, halafu mwisho wa mwezi unaitwa ofisini, hao wanakuhesabia alichokusamehe Mola wako. Huo ni upelelezi na Hujuraat 12 iko wazi, "wala msipelelezane".

Na si Waislamu tu walioliona hili. Chile walibadili katiba 2021 kulinda taarifa za ubongo, 2023 Mahakama ya Juu yao ikaiamuru kampuni ya Marekani ifute data za ubongo za seneta wa zamani aliyenunua kifaa chao cha kuvaa kichwani. India nao 2010 mahakama ilikataza kumlazimisha mshukiwa apimwe ubongo.

Kwa hiyo vaa, maana lori na dereva aliyelala huua watu wasio na hatia. Ila kabla hujasaini uliza rekodi inakaa wapi na nani anaiona. Wakisema inalia tu haihifadhi kitu, alhamdulillah. Wakisema inaenda ofisini, ombeni iandikwe kwenye mkataba kwamba haitatumika kukata mshahara wala kufukuza mtu, na nendeni kwa pamoja, ugenini mtu akiuliza peke yake anaonekana mkorofi.

Udhu hauna tabu. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafii hata nywele chache zikipata maji zinatosha, ukiona uvivu kuivua ingiza vidole vibichi chini ya ukingo wa kofia, pangusa, maliza.